Dada Bei Atumwa kwa Mwenye Nyumba Wake

Sikia, hili halitaaminika, na ukilikataa hakuna atakayekulaumu. Wapangaji kumi na mmoja walikuwepo, mwenyekiti wa mtaa alikuwepo, na mpaka leo watu hao wanabishana kama kweli lilitokea au waliota wote kwa pamoja. Lilitokea. Tulia tu twende taratibu, maana tukirukia mwisho utasema ni uongo mtupu.

Kuna dada mmoja anafanya kazi Ofisi ya Takwimu. Usije ukafikiria kiti cha kuzunguka na kiyoyozi. Kazi yake ni miguu. Kila mwezi, tarehe zilezile, anapita maduka yaleyale anauliza bei ya vitu vilevile: sukari kilo moja, mafuta lita moja, sabuni ya mche, shati la shule, kunyoa nywele. Haruhusiwi kubadilisha duka, haruhusiwi hata kubadilisha aina ya sabuni. Wenye maduka wakiona kizibao chake cha bluu kinakuja wanaanza.

"Huyo Dada Bei! Kila mwezi unauliza, hununui!"

"Nikinunua utanipunguzia," anawajibu, "halafu nchi nzima itadhani sukari imeshuka."

Zile bei zake zikichanganywa na za wenzake ndizo zinapikwa zinakuwa ile namba ya redioni, mfumuko wa bei asilimia kadhaa, nukta kadhaa. Dada Bei alikuwa akiisikia anatabasamu peke yake, kama mtu aliyesikia mwanawe anatajwa kanisani au msikitini.

Sasa. Anaishi na mama yake mzazi, vyumba viwili vya uani, nyumba namba kumi na saba. Mama ni fundi cherehani. Nyonga yake ya kushoto ni mbovu, akitembea mbali inamkumbusha umri wake wote, kwa hiyo wateja wanamfuata yeye hapo hapo barazani. Miaka tisa wamemzoea kwenye ile kona. Ukimhamisha Mama umemhamisha bila wateja, yaani umemwachia cherehani na nyonga.

Mwenye nyumba anaishi nyumba ya mbele. Wapangaji wanamwita Bwana Risiti, kwa sababu tangu dunia iumbwe hajawahi kutoa hata moja.

Jumatatu asubuhi Bwana Risiti akaingia uani, akakohoa kile kikohozi cha mtu mwenye habari mbaya.

"Wanangu, hali mnaiona wenyewe. Kuanzia tarehe mosi, vyumba viwili vinatoka elfu themanini, vinakuwa laki na ishirini. Asiyeweza anipe taarifa mapema, kuna watu wanasubiri."

 Aliyefungua mdomo kwanza ni Kinyozi, mpangaji wa chumba cha mwisho, mtu ambaye hata msibani anatafuta pa kuchekea.

"Mzee wangu, samahani. Umeongeza chumba cha tatu?"

"Sijaongeza."

"Umeweka maji ndani?"

"Sijaweka."

"Sasa umeongeza nini?"

"Nimeongeza kodi," akasema Bwana Risiti, akageuka akaondoka zake.

Na kama vile haitoshi, saa saba mchana redio ya Mama ikatangaza: mfumuko wa bei ni asilimia tatu nukta moja. Dada Bei alikuwa amepitia nyumbani kula. Mama akasimamisha mguu kwenye cherehani.

"Wewe. Hiyo tatu mmeitoa wapi? Mmeenda kuipima mwezini?"

"Mama, ni wastani. Tunachukua kikapu cha vitu vyote ambavyo watu wananunua..."

"Nyumba imo humo kikapuni?"

"Imo. Katika mia, kodi ya nyumba imepewa kumi na mbili."

"Kumi na mbili!" Mama akavua miwani. "Mimi na wewe tukiweka pamoja tunachopata, ukiikata mia, nyumba peke yake inakula arobaini, sasa inataka kula sitini. Hiyo kumi na mbili ni ya nani?"

"Ni ya wote, Mama. Wapo wenye nyumba zao hawalipi kabisa. Wapo wanaolipa kidogo. Ukichanganya..."

"Ahaa, kwa hiyo nimechanganywa na wenye nyumba zao. Sawa. Mimi nina kiatu kimoja, jirani ana vitatu, wastani kila mtu ana viwili. Sasa mbona mguu wangu mmoja unaungua jua?"

 Dada Bei alikuwa amesomea jibu la swali hilo, wiki mbili nzima za mafunzo na chai ya bure, lakini akamalizia chakula akarudi nalo kazini.

Wapangaji wakaenda kwa mwenyekiti wa mtaa. Mwenyekiti akasema utaratibu upo: mwenye nyumba anaweza kupandisha, lakini akipita ile namba ya redioni lazima asimame kwenye kikao atoe sababu, na kikao kikiona sababu inatosha, basi imepita. Kikao Jumamosi, saa nne asubuhi. Kinyozi akasema sababu haikosekani, mzee ataamka na moja mfukoni. Na kweli, mitaa mitatu ya jirani ilikuwa imepita hivyo hivyo. Mwenye nyumba anasimama, anasema "maisha yamepanda", watu wanaguna, kikao kinafungwa.

Jumatano Msimamizi wa ofisini akamwita Dada Bei. Mwenzao anayekusanya kodi za nyumba upande huu wa mji yuko likizo ya uzazi.

"Chukua bunda lake. Nyumba thelathini. Nazitaka Ijumaa."

Akaanza kufunua fomu moja moja kupanga njia ya kupita. Ya nane, ya tisa. Ya kumi ikamfanya akae chini bila kuangalia kama kuna kiti. Nyumba namba kumi na saba. Nyumba yake!

Hapa lazima ujue jambo moja la kazi yao. Kila fomu inakuja imeshachapwa bei za mara zilizopita, pamoja na nakala ya zamani yenye sahihi, ili mkusanyaji akiona tofauti kubwa aulize vizuri. Na anayeulizwa kodi ni mwenye nyumba, kwa sababu mchana wapangaji wako kazini na milango imefungwa. Kwenye fomu ya namba kumi na saba, vyumba viwili, kodi ya mara iliyopita: elfu arobaini. Ya kabla yake: elfu arobaini. Miaka minne, arobaini, arobaini, na sahihi ya Bwana Risiti chini imekaa kama mjusi anaota jua.

Arobaini! Wakati yeye mwenyewe, kwa mkono wake, kila mwezi anampelekea themanini!

Akaelewa hapo hapo. Mzee akiona mtu na fomu anadhani ni watu wa mapato wa serikali, kwa hiyo anaikata kodi nusu. Na ile nusu inapanda ngazi, inaingia kwenye kikapu, inatoka redioni, inarudi uani kwa Mama inamwambia kodi haijapanda. Dada Bei akajisikia kama mpishi aliyegundua kwamba miaka yote anasifiwa kwa chumvi ambayo hakuwahi kuitia.

Halafu wazo la pili likaja, na hilo lilikuwa tamu. Jumamosi. Anachohitaji ni kusimama kikaoni na kusema neno moja: arobaini. Mwenyekiti angeuliza arobaini ya wapi, fomu yenye sahihi ya mzee ingejulikana, watu wa mapato wangepata habari kabla ya adhuhuri, na Bwana Risiti angeomba mwenyewe kodi ishuke. Nyumba ya Mama imepona.

Ila kuna kiapo. Siku ya kwanza ya kazi waliinua mkono mmoja mmoja: alichokuambia mtu kwenye fomu hakitoki nje ya ofisi. Si kwa mume, si kwa polisi, si kwa watu wa mapato. Ukivunja, kazi huna, na kuna kifungo. Na mshahara wa Dada Bei ndio unalipa nusu ya zile themanini.

Akaenda kwa Msimamizi. "Bosi, hii ya kumi ni nyumba ninayoishi."

Msimamizi akakuna kichwa. "Sina mtu mwingine. Nenda kamuulize kama unavyomuuliza yeyote. Unaandika unachoambiwa."

"Hata kama najua si kweli?"

"Unaweza kumuuliza mara mbili. Ukamweleza siri ya fomu vizuri, wengi hawaelezwi, wanaogopa bure. Lakini mdomo wako usimjibie. Na usimtishe!"

Alhamisi saa tisa alasiri, Dada Bei akavaa kizibao, akaning'iniza kitambulisho, akapiga hodi nyumba ya mbele. Bwana Risiti akafungua.

"Ah, binti. Kodi si mpaka tarehe mosi?"

"Shikamoo, baba. Leo sijaja kama mpangaji. Natoka Ofisi ya Takwimu."

Mzee akaangalia kizibao. Akaangalia kitambulisho. Akamwangalia usoni. Jasho jembamba likaanza safari yake kutoka kwenye upara.

"Wewe ndiye... huwa anakuja yule mwingine, mnene kidogo."

"Amejifungua."

"Mungu ambariki. Kwani nyie watu wote mko ofisi moja?"

"Baba, swali la kwanza. Vyumba viwili, kodi kwa mwezi ni kiasi gani?"

Hebu mwonee huruma kidogo. Akisema arobaini, anamwambia mtu anayemlipa themanini. Akisema themanini, ameikana sahihi yake ya miaka minne. Mdomo ukafunguka, ukajifunga, ukafunguka tena kama mlango wenye upepo.

"Aro...," akasema. Akafuta upara. "Arobaini."

 Dada Bei alitaka kucheka, alitaka kulia, alitaka kumrushia kalamu.  Lakini kazi ni kazi.

"Baba, kabla sijaandika nikueleze kitu ambacho huenda hukuelezwa. Fomu hii haiendi kwa watu wa mapato. Sheria imekataza. Wakija wenyewe kuiomba, hatuwapi. Jina lako linafichwa, inabaki namba tu. Mimi nikiitoa nje, nafungwa mimi, si wewe."

"Haiendi?"

"Haiendi."

"Hata Jumamosi kikaoni?"

"Hata Jumamosi."

"Hata mama yako hutamwambia?"

"Mama ndiye wa mwisho. Ukimwambia Mama umelibandikia tangazo soko zima."

Mzee akacheka kidogo bila kupenda, kisha akakumbuka kwamba hapaswi kucheka. Akakaa kwenye kiti. 

"Andika themanini," akasema kwa sauti ya chini. "Ndiyo kweli. Si unajua mwenyewe."

"Najua. Lakini lazima useme wewe." Akaandika. "Swali la pili. Je, umetangaza mabadiliko ya kodi?"

"Laki na ishirini. Tarehe mosi."

"Swali la tatu. Sababu ya kupandisha. Nitakusomea, wewe unasema ndiyo au hapana. Ukarabati?"

"Hapana."

"Maji au umeme umeongeza?"

"Hapana."

"Kodi ya ardhi imepanda?"

"Hapana."

"Mkopo wa nyumba?"

"Nyumba niliijenga kwa mikono yangu, mkopo wa nini?"

"Basi inabaki nyingine, eleza."

Bwana Risiti akashika magoti yake. Na hapo ndipo likatoka, kama jipu lililoiva. Kijana wake wa mwisho anasoma chuo, mji mwingine. Amepanga chumba kimoja, choo cha kugombania. Mwezi uliopita mwenye nyumba wake amempandishia karibu nusu, na anayelipa ni huyu mzee hapa.

"Nikampigia simu yule bwana. Nikamuuliza, ndugu yangu, umeongeza nini? Unajua alinijibu nini?"

"Alikujibu nini?"

"Alinijibu, kila mtu amepandisha."

"Kwa hiyo niandike nini, baba?"

"Andika hivyo hivyo. Kila mtu amepandisha."

Akaandika neno kwa neno. Utaratibu unasema umsomee mtu jibu lake kabla hajatia sahihi, basi akamsomea, kwa sauti ileile anayosomea bei ya sabuni: "Ukarabati, hapana. Maji na umeme, hapana. Kodi ya ardhi, hapana. Mkopo, hapana. Sababu: kila mtu amepandisha."

"Soma tena."

Akasoma tena. Mzee akatia sahihi. 

Ijumaa Msimamizi aliona arobaini imegeuka themanini akaruka. "Mia kwa mia mwezi mmoja! Nikiingiza hii redio itapiga yowe!" Dada Bei akamweleza, kwa kuwa naye amekula kiapo kilekile. Msimamizi akashusha pumzi, akaandika pembeni kwamba ni masahihisho ya zamani, si kupanda kwa mwezi huu. Halafu akakaa akilitazama lile bunda lote kama mtu aliyehesabu watoto wake akakuta ni wa jirani. "Tunarudi nyumba zote," akasema. "Zote thelathini. Na safari hii kabla ya swali tunaanza na siri."

Kazini pakawa pamekaa sawa. Nyumbani ndiko moto ulikowaka, kwa sababu Kinyozi alimwona akiingia kwa Bwana Risiti na faili, akamwona akitoka baada ya nusu saa nzima.

"Dada Bei ameenda kujinunulia bei yake," akatangaza uani. "Sisi tukalipe laki na ishirini, yeye ana lake la pembeni."

"Ulienda kufanya nini kule?" Mama akamuuliza mlango ukiwa umefungwa.

"Kazi, Mama."

"Kazi gani kwa mwenye nyumba wetu, siku mbili kabla ya kikao?"

"Siwezi kusema."

"Mimi ni mama yako."

"Ndiyo maana siwezi."

Mama hakumsemesha mpaka asubuhi. Kwa Mama, hiyo ni rekodi.

Jumamosi, saa nne. Mabenchi nje ya ofisi ya mwenyekiti, wapangaji upande huu, Bwana Risiti peke yake upande ule na kofia mapajani. Watu walimwachia Dada Bei nafasi pande zote mbili kama mwenye surua.

Mwenyekiti akafungua. "Mzee, namba ya redioni ni tatu nukta moja. Wewe umepandisha nusu nzima. Kabla hujatoa sababu, kuna mpangaji mwenye neno?"

"Yupo!" Kinyozi akadakia. "Huyu hapa anafanya kazi ya bei. Na juzi alikuwa kwa mzee. Aseme!"

"Binti, simama," Mwenyekiti akasema. "Una lolote?"

Dada Bei akasimama. Neno lilikuwa pale pale kwenye ncha ya ulimi, limeiva, linataka kudondoka lenyewe. Akamwangalia Mama, ameshika ile nyonga kwa kukaa kwenye ubao mgumu. Akaangalia upande wa pili. Bwana Risiti alikuwa amefumba macho. Kweli kabisa, amefumba macho, kama mtoto anayesubiri sindano.

"Mwenyekiti," akasema Dada Bei, "sina la kusema."

Akakaa. Watu wakaguna, Kinyozi akapiga paja, "Si niliwaambia?" Mama akamfinya mkono kwa kucha mbili, ule ufinyaji wa utotoni unaoacha alama.

"Haya mzee," Mwenyekiti akasema kwa uchovu. "Sababu yako."

Bwana Risiti akafumbua macho. Alisimama taratibu sana, akatazama lile benchi, akamtazama Dada Bei kama mtu aliyesubiri jiwe likampita pembeni.  

"Sababu yangu ni kwamba kila mtu amepandisha." Akaigeuza kofia mikononi. "Juzi nilisomewa hiyo sababu mara mbili. Nikamsikia aliyeisema, nikamchukia. Na aliyeisema ni mimi."

Akaivaa kofia, akamgeukia Mwenyekiti.

"Elfu themanini na tano. Mwaka mzima siongezi. Mwenyekiti, andika kabla sijabadilisha mawazo."

Ndugu yangu! Mwenyekiti kalamu ilimdondoka. Mpangaji mmoja akauliza, "Themanini na tano elfu au dola?" Kinyozi, mdomo wote ule, akaenda akamshika Bwana Risiti mkono akautikisa mpaka kofia ikaanguka. Mtu akaanza kucheka na wote wakafuata, kicheko kile cha watu waliokuwa wamebana pumzi wiki nzima. Dada Bei alifunika uso kwa kitambaa, na chini ya kitambaa alikuwa analia na kucheka kwa pamoja, hajui kipi kimeanza.

Walirudi wametembea polepole kwa ajili ya nyonga. Mama alimshika mwanawe mkono, palepale alipomfinya, akawa anapasugua kwa kidole gumba.

"Ulimfanya nini yule mzee?"

"Sikumfanya kitu, Mama. Nilimuuliza tu."

"Na Kinyozi alipokuita msaliti ulikaa kimya?"

"Nilikaa kimya."

Mama akatembea hatua kama sita hivi. "Una roho ngumu wewe. Hukuitoa kwangu," akasema, na akacheka peke yake mpaka mlangoni. Siku hiyo alilala mchana, kitu ambacho hajakifanya tangu tangazo lile, akakoroma kwa haki yake yote.

Lakini Dada Bei mwenyewe anakiri. Anasema kama mzee angesimama pale akang'ang'ania laki na ishirini, na Mwenyekiti akainua kalamu kuipitisha, hajui angefanya nini. Kiapo upande mmoja, nyonga ya Mama upande wa pili, na neno moja mdomoni linalotosha kuokoa nyumba na kumzamisha mtu aliyekuamini. Haya, wewe uliyefika mpaka hapa: ungekuwa wewe ndiye uliyesimamishwa kwenye lile benchi, mama yako anakuangalia, ungelitoa lile neno au ungelimeza?